Usinikate Miguu

Kamera niliachiwa na kaka yangu aliporudi kutoka masomoni ng'ambo. Ilikuwa kiboksi cheusi cha kuning'iniza shingoni. Hukiweki jichoni, unakishika tumboni, unainama, unachungulia kioo kilichoko juu yake. Nilipiga kuku, nilipiga jiko, nilipiga wanafunzi wangu wakiwa mstarini, na zile chache zilizotoka vizuri niliwaonyesha walimu wote. Nani kasema mwalimu asijisifu?

Majisifu hayo ndiyo yaliyoniponza. Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja pale Mwanza, alichumbiwa na karani wa kiwanda cha pamba. Yeye Mhaya, bwana Msukuma wa Nyegezi. Akaenda kwao Bukoba akaagwa, halafu akaletwa na meli, yeye na shangazi yake na ndugu wachache, ndoa ifungwe huku. Mama yake hakuweza kusafiri. Alikuwa ameteleza migombani akavunjika paja, yuko kitandani.

Shangazi ndiye aliyeniletea ujumbe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hata hajakaa akasema, "Wewe ndiye mwenye kamera? Wifi yangu anasema umpelekee uso wa mwanawe. Hakukataa ndoa, ila moyo wake haujatulia. Binti anakwenda mbali, kwa watu ambao hata lugha yao haijui. Anasema akiuona uso wake siku ya harusi, atajua kama ameridhika au amejitosa tu."

"Usiwe na wasiwasi, shangazi. Likizo ikianza nampelekea mwenyewe."

Nilijibu hivyo kama mtu aliyekwisha kupiga picha harusi za mji mzima. Sikuwa nimepiga hata moja! Na filamu nilikuwa nayo moja tu, ya picha kumi na mbili. Miaka ile ya ujamaa hata sabuni tuliipangia foleni, sasa filamu ningeipata wapi?

Siku ikafika. Bwana harusi kapendeza ndani ya Kaunda suti ya kijivu, bibi harusi kapendeza kuliko sote, kwaya inaimba, nami nimesimama mlangoni mwa kanisa na kiboksi changu tumboni. Wakatoka. Nikainama nichungulie, nikaona shela, nikaona maua, nikaona utosi. Uso hakuna. Loo! Katika kuhangaikia filamu nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu analijua: bibi harusi aliyelelewa vizuri hainui kichwa. Anatazama chini siku nzima, akionekana na huzuni ya kuacha kwao, la sivyo watasema ana macho makavu. Na mlinzi wake alikuwa nani? Shangazi yule yule. Kila shingo ilipotaka kunyooka, alimminya mkono. "Inama, mwanangu."

Basi yeye kainama, mimi nimeinama. Baba mkwe, mzee mfugaji mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akauliza mbele ya watu wote, "Hawa wawili wameangusha nini?" Kanisa zima likacheka, isipokuwa mimi na bibi harusi.

Nikamvuta shangazi pembeni. "Shangazi, si uliniambia mama anataka uso?"

"Ndiyo. Upige."

"Nitaupigaje, naye anatazama viatu?"

"Mwenye kamera ni wewe," akasema, akarudi kwenye ulinzi wake. Nilikasirika, jamani, nikataka kukivua kiboksi nimpe apige yeye.

Kule Nyegezi, nyumbani kwa bwana harusi, mambo yakazidi kuharibika. Kila nilipomsogelea bibi harusi, kichwa kikashuka. Nikampiga akila, utosi. Nikampiga akipewa zawadi ya kanga, utosi. Halafu baba mkwe akataka picha na dume lake kubwa, akaniita mayu, yaani mama, kwa heshima ya Kisukuma. "Mayu, usinikate miguu!" Siku zile mtu akivaa viatu vipya, halafu picha ikamwishia magotini, aliona umemdhulumu. Balozi wa nyumba kumi naye akataka picha na redio yake. Ungemkatalia balozi? Nilipotazama kidirisha cha namba nyuma ya kamera, ilibaki picha moja. Nikamfikiria yule mama kitandani kwake, anasubiri uso.

Nikaomba maharusi washuke pale kwenye mawe ya ufukweni, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Nikawasimamisha wakitazama ziwa, mimi nimelipa ziwa mgongo. Watu wote wakatufuata, na wote wakawa mafundi. "Rudi nyuma, mwalimu! Viatu vya bwana harusi havionekani! Rudi tena!" Nami macho yote yako kwenye kioo, narudi. Jiwe la mwisho lilikuwa na utelezi wa kijani. Miguu ikanitoka, nikaenda chali, chubwi! Nikajikuta nimekaa ziwani, maji kiunoni, gauni langu la harusi linaelea, kiboksi nimekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Halafu nikasikia kicheko. Nakijua kicheko kile, tumekaa nacho nyumba moja. Kilikuwa kinaamsha majirani. Bibi harusi kainua kichwa, shela limeteleza begani, meno yote nje, machozi yanamtoka. "Wee! Wee mtoto!" Shangazi anapiga kelele, anamminya, wapi! Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuchekwa. Sikunyanyuka. Nikakishusha kiboksi kifuani pale pale majini, nikabonyeza.

Likizo ilipoanza nikapanda meli ya Bukoba na bahasha yangu. Shangazi alikuwa amekwisha kurudi, nikamkuta kando ya kitanda cha wifi yake. Mama akajiinua kwenye mto, akazipokea picha, akaanza kuzitazama moja moja.

"Utosi," akasema. "Utosi. Hapa tena utosi. Nilimzaa mimi, utosi wake naujua. Na huyu nani?"

"Baba mkwe na dume lake, mama."

"Afadhali dume, limeinua kichwa."

Ilipofika ya mwisho, shangazi akanyoosha mkono. "Hiyo achana nayo, wifi. Alijisahau. Halafu imepinda, na miguu imekatwa yote."

Mama hakumpa. Aliigeuzia dirishani, akaitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyeanguka?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Ziwani."

"Watu wote huku nyuma wanakutazama wewe. Mwanangu anakutazama wewe. Lakini huyu mume wake hata hakukuona." Akaweka kidole juu ya bwana harusi, na hapo ndipo nami nilipoona kwa mara ya kwanza. Karani wa watu alikuwa amegeuza shingo, anamtazama mkewe akicheka, naye anacheka kwa sababu yake.

Mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akazirudisha zile za utosi kwa shangazi, zikatundikwe sebuleni wageni wazione. Ile moja akaiweka chini ya mto wake.

"Lakini miguu, wifi," shangazi akasema tena.

"Miguu ya nini?" mama akamjibu. "Si mwanangu amekwisha kufika?"