Inchi Moja ya Baba Shija

Nakumbuka siku moja nilishika ufutio mkononi nikadhani nimeshika heshima. Usicheke, mwanangu. Jana uliniwekea mchoro wako mezani, ukasimama mlangoni ukisema, "Babu, niambie tu kwamba ni mzuri." Nikanyamaza, ukaondoka umenuna. Sasa keti nikueleze kwa nini sikukujibu, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu miaka ya hamsini, na likinijia hata chakula hakishuki.

Nilikuwa kijana kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Walitafuta watu wachache wanaojua kusoma wafundishwe kuchora ramani za mashimo, nami nikachukuliwa. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Mbaraka, mtu wa Tabora, mpole lakini hana mchezo. Alitupanga wawili wawili, na sheria yake ilikuwa moja: ukimaliza zoezi unampa mwenzako alikague, aandike pembeni kipi kiko sawa na kipi kimeharibika, atie jina lake, kisha aliweke kwenye kasha la mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa na ramani za mgodi za kumaliza, kwa hiyo mazoezi yetu aliyatupia jicho tu.

Mimi nikapangwa na Baba Shija. Huyu alikuwa mdogo wake baba yake Kabula, binti niliyekuwa nimemposa kule Kharumwa. Na kwetu sisi Wasukuma, mdogo wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Ukikutana naye njiani unampisha, unainamisha macho, huli naye sahani moja. Haya, mtu kama huyo unamwambiaje kwamba amekosea?

Tena hakuwa mtu wa kufanyiwa mzaha. Alikuwa ametolewa chini ya mgodi baada ya miaka mingi ya vumbi, na daktari alishamwambia kwamba kifua chake hakitaki tena mawe. Ofisi ile ya ramani ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kukaa mbali na vumbi. Akishindwa mtihani, anarudishwa kwenye mawe. Sote tulilijua hilo, na kila alipokohoa tuliinamia karatasi zetu.

Kosa lake nililiona siku ya kwanza. Baba Shija alizoea kupima mashamba ya pamba kwa hatua, na mguu uliosimama penye mpaka, kabla hajapiga hatua, yeye huuita moja. Basi na rula akaitumia hivyohivyo. Alianza kuchora penye namba moja badala ya penye mwanzo wa rula, kwa hiyo kila mstari ukatoka mfupi kwa inchi moja. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu, mistari yake imenyooka kabisa, lakini yote mifupi.

Nilitakiwa kuandika maneno mawili tu: "Anzia sifuri." Nikashindwa. Niliona posa yangu inarudishwa, nikawasikia wazee wa Kharumwa wakiulizana ni kijana gani huyu anayemsahihisha mkwe wake. Nikageukia dirishani, nikafuta pande mbili za mraba wake, nikazisogeza mwenyewe mpaka vipimo vikatimia. Pembeni nikaandika "Vizuri", nikatia jina langu.

"Iko sawa, mkwe?" akauliza, naye akitazama pembeni, kama desturi inavyotaka.

"Iko sawa, baba."

"Wabeja," akasema. Asante ile ilinichoma, lakini kesho yake nikafuta tena, na kesho kutwa vilevile. Mwanangu, uongo wa kwanza ndio mgumu, unaofuata unajipitia wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi kila siku niliuona ufa ule unapanuka. Nililala vibaya. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ikifika, najiambia Ijumaa.

Siku ya mtihani Mwalimu Mbaraka akatukalisha mbalimbali, mimi huku, Baba Shija kule. Tuchore ghala, inchi sita kwa nne. Nikamwona anaweka rula. Nikaona kidole chake kinatafuta namba moja, kinatulia pale. Nikakohoa ili atazame, lakini aliyetazama ni mwalimu. Nikainama. Mchoro wangu mwenyewe niliumaliza bila kujua nimechora nini.

Mwalimu akapita na rula yake. Kwa Baba Shija akapima, akapima tena. Tano kwa tatu. Akaenda kwenye kasha, akatoa mazoezi yake yote ya nyuma, akayapanga mezani. Yote yalikuwa sawasawa, na pembeni ya kila moja kuna jina langu. Akaishika karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha, alama za mistari iliyofutwa zikaonekana.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Kosa hili ungeniachia siku ya kwanza," akasema taratibu, "ningelimaliza kwa dakika mbili. Sasa majina ya waliofaulu yanatakiwa leo, na sina mchoro wake hata mmoja wa kuonyesha."

Baba Shija alikunja shati lake la kazi, akatoka. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye mashine ya kusaga mawe, na kule vumbi ni jeupe kama unga.

Jumapili nikachukua kuku, nikaenda nyumbani kwake kambini. Nikamkuta uani anatia mpini kwenye jembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikasimama pale na kuku wangu. Ndipo akaliinua lile jembe, akaliambia:

"Wewe jembe, ukimwona mkwe wangu mwambie sina hasira. Ila mwambie mila haikumfunga mdomo. Mila ilimwachia mlango wa pembeni. Angeiambia rula, nami ningesikia."

Desturi hiyo niliijua tangu utotoni. Mama yangu, babu aliyekuwa mkwe wake akija, aliongea na kinu: "Wewe kinu, ugali uko tayari," na babu akanawa mikono. Lisilosemeka kwa mkwe huambiwa chombo, naye mkwe yupo anasikiliza. Nilichokiita heshima kilikuwa woga wangu tu.

Kisha akaongeza, "Na mwambie herufi zake anazirundika mwisho wa mstari kwa sababu hapimi nafasi kabla ya kuandika. Hilo nimeliona tangu mwanzo, nami nikamwandikia 'Vizuri'. Nimemkosea kama alivyonikosea."

Nikuambie ukweli, nilikasirika. Mimi niliyefaulu, aniambie herufi zangu mbaya? Mkuki kwa nguruwe. Lakini kesho yake ofisini nikatazama karatasi zangu, na kweli herufi zilikuwa zimebanana mwishoni. Toka siku ile nikapima kwanza, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea mpaka nikastaafu. Yeye alimaliza mvua mbili tu kwenye mashine ile, kifua kikamshinda. Tulimzika Kharumwa, na Kabula, tukiwa tumeshaoana, akaniuliza kwa nini nalia kuliko watoto wa marehemu. Ilinichukua miaka kumjibu.

Basi shika hili. Anayejifunza akikuletea kazi yake, mwambie kosa lingali dogo, na umwambie pia kilicho sawa, asije akakitupa pamoja na kosa. Ukiogopa kumwambia usoni, tafuta mlango wa pembeni, lakini usifute kwa siri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine. Nawe ukiambiwa, acha hasira ipite kwanza, kisha kaitazame karatasi yako.

Sasa mchoro wako. Paa umelichora vizuri, mkono wako umetulia. Lakini mlango ni mfupi kuliko yule mtu uliyemsimamisha mbele yake, na nyumba ni yake, hawezi kuingia. Nenda kaufute wewe mwenyewe, uuchore upya, uniletee. Mungu akuzidishie macho ya kuona na moyo wa kuambiwa, na asikunyime mtu wa kukuambia ungali na nafasi ya kufuta.