Ramadhani Tuliyokaa Bila Hamira

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini mjukuu wangu anafuga seli. Nalisema hili popote nilipo, hata kwenye foleni ya duka la dawa, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Anazifuga kwenye maabara ya chuo, kule Al Khoudh, mji wa jirani, ndani ya chupa bapa za plastiki, katika maji yenye rangi ya sharubati ya waridi. Siku ya kwanza aliponieleza nilimuuliza zinakula nini.

"Sukari, Bibi, na vitamini."

"Na zinalala wapi?"

"Kabatini, kwenye joto kama la mwili wa mtu."

"Basi zina maisha mazuri kuliko mie."

Kazi yake ni kutazama kidudu cha homa ya kidingapopo kinavyoingia ndani ya seli, kinapitia mlango gani, ili wenye kutengeneza chanjo wajue pa kutia komeo. Hilo nililifahamu upesi. Mdogo wangu wa kike alikufa kwa surua kule Unguja, kabla sijahamia huku, tunalala kitanda kimoja, na chanjo yake ilikuwa haijatufikia. Mama alimfukiza, alimpaka dawa, alimlilia, basi. Kwa hiyo mtu akinambia mjukuu wangu anapoteza ujana wake na vichupa, namtazama tu mpaka aone haya.

Sasa, vitumbua vyangu hapa mtaani kwetu Mabela vinajulikana. Ramadhani ikiingia, kila jioni sahani zinatoka kwenda kwa majirani. Lakini vidole vyangu vimepinda kwa baridi yabisi, na kwetu unga wa vitumbua haupigwi kwa mashine. Unapigwa kwa mkono, na si kila mkono. Wako watu wakiupiga wao unalala kama maiti. Mjukuu wangu mkono wake unaumua, kaurithi kwangu, na mie nimeusifu mtaa mzima. Basi kila asubuhi alikuwa ananipigia unga, povu mpaka kwenye viwiko, kisha ananawa, anavaa ushungi wake, anakwenda kazini.

Seli zake alizozishughulikia mwaka mzima alikuwa kazigandisha ndani ya vichupa vitatu, kwenye pipa la baridi linalofuka moshi. Ramadhani ile alifungua cha kwanza ili azikuze. Siku mbili, zikafa. Akafungua cha pili. Zikafa. Kikabaki kimoja, na kikiharibika hicho, mwaka wake wote umekwenda na maji.

Alirudi mapema siku ile, akakaa jikoni, akanionesha picha kwenye simu. Maji ya chupa yamekuwa manjano kama mkojo wa mtu mwenye kiu, tena yana ukungu. Picha ya pili ilipigwa kwa darubini: viduara, kila kimoja kimeota kitoto ubavuni, na kitoto nacho kimeota kitoto.

"Hayo maji yamechacha," nikasema.

Akanikuzia ile picha ya viduara.

"Mwana we, si hamira hiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Imetoka wapi?"

Alilitazama beseni langu lililofunikwa kitambaa, unga umeumuka mpaka umekinyanyua.

"Si unavaa glavu?"

"Navaa. Lakini hamira iko kwenye nguo, kwenye ushungi, kwenye nywele. Zile seli hazina kinga, Bibi. Ikiingia punje moja tu inakula sukari yao na inazaa."

"Umejua tangu lini?"

"Juzi."

"Na leo asubuhi ukanipigia unga!"

"Nlidhani nikibadilisha nguo kule itatosha. Ntakwambiaje mkono wangu unaleta balaa, na wewe ndo unayeusifu?"

"Mjinga we!" nikamwambia, na nilimaanisha. Kisha nikaona haya, maana mjinga hakuwa yeye peke yake. Mtoto alikuwa tayari kuchezea mwaka wake ili mie nisikose sifa za vitumbua.

Nikalibeba beseni nikamwaga unga wote, na tui lake na iliki yake. Mashungi yote tukayafua kwa maji ya moto. Mikebe ya hamira nikaitoa nje ya nyumba. Jioni mwanangu, baba yake, akatazama mkeka wa futari.

"Mama, leo hakuna vitumbua?"

"Kula tambi."

"Na kaimati?"

"Kaimati ina hamira. Kula tambi."

"Hata mkate wa—"

"Wewe chanjo zako zote umechanjwa nimekubeba mgongoni juani. Kula tambi unyamaze."

Siku ya pili jirani yangu akaja na sahani ya vitumbua, roho nzuri kama kawaida yake. Nikamzuia mlangoni.

"Shoga, ahsante, Mungu akuzidishie, lakini hivyo havipiti hapa."

"Vina nini?"

"Vina hamira."

"Ulitaka viwe na nini, saruji?"

Nikamueleza palepale, habari ya seli, kichupa cha mwisho na yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na sahani yake. Kesho yake akarudi na katlesi, na kila siku baadaye akaleta kitu kisicho na hamira, mpaka mwezi ulipokwisha. Mungu amlipe.

Kichupa cha tatu mjukuu wangu alikifungua Jumapili. Kila akirudi namuuliza kama niulizavyo hali ya mgonjwa, "Maji rangi gani?"

"Waridi, Bibi."

Jumatatu waridi. Jumanne waridi. Jumatano hakupokea simu, nikasali adhuhuri sijui nimesoma nini. Kumbe alikuwa ndani ya maabara, simu kaiacha nje.

Wiki iliyofuata alikuja mpaka jikoni na viatu vyake miguuni, akaniwekea simu mbele ya macho. Sikuona viduara. Niliona vitu vimetandaa, vimeshikana bega kwa bega, vimejaza chupa.

"Ndo zenyewe?"

"Ndo zenyewe. Nzima, Bibi. Nshagandisha vichupa sita."

Nikasujudu palepale, juu ya vigae vya jikoni, kumshukuru Mola kwa vitu nisivyoweza kuviona bila simu ya mtoto. Magoti yakanilia. Kabla sijainuka, nikamwambia nikiwa hukohuko chini:

"Sita havitoshi. Fanya kumi."