Tulikuwa ziwani tukadhani tuko chini: mimi, mdogo wangu Ojara na ziwa Titicaca

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisugu, Kampala.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya kwa miaka mingi. Nyuzi za watu wanaozunguka dunia na begi mgongoni ndizo nilizokuwa nazipenda kuliko zote. Leo naleta wangu, na sitatia chumvi hata punje. Ningekuwa na uwezo wa kuufanya uwe uongo ningeufanya.

Anayetafuta picha na majina ya hosteli, uzi huu utamchosha. Apite tu, hatugombani.

Kwanza mnijue. Nina duka la dawa, dogo, dirisha moja lenye nondo. Udaktari sikusomea. Nilipata mafunzo ya miezi michache ya kuuza dawa na cheti kipo ukutani. Ila Kampala ukiuza panadol mwaka mmoja, mtaa mzima unakuita *musawo*, yaani daktari. Mwanzoni unakataa. Baada ya miaka kumi na moja unaitika bila kugeuka.

Tulikulia kwenye nyumba za polisi, Naguru. Baba alikuwa askari, Mwacholi. Mama ni Mlugbara. Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyokutana nayo, kwa hiyo ndiyo iliyotulea.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria mbili za afya. Askari haumwi. Na akiumwa, anamaliza dozi.

Ile ya pili Mama ndiye aliyeisimamia. Alikuwa anaweka vidonge kiganjani, unameza, halafu anakufungua mdomo kuangalia kama umeficha kimoja chini ya ulimi. Ojara alikuwa bingwa wa kuficha. Alichapwa sana kwa ajili hiyo.

Ojara ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alikwenda Iraki kufanya kazi ya ulinzi, kama vijana wengi wa huku, akakaa miaka sita. Kwenye geti lake walimpanga zamu na Mperu mmoja anaitwa Wilber. (Ndiyo wakuu, Waperu nao walikuwepo wengi tu, wakilinda mageti kama sisi.)

Huyo Wilber kwao ni Amantaní, kisiwa ndani ya ziwa Titicaca, juu kwenye milima ya Andes. Zamu nzima ilikuwa ni kisiwa, kisiwa, kisiwa. Ojara naye akamfundisha Kiswahili cha kambini. Wakaahidiana kwamba mikataba ikiisha, Ojara atakwenda kuliona hilo ziwa.

Aliporudi nyumbani akaja dukani, akaegemea nondo, akasema:

"Musawo, mimi nimelinda geti ya watu miaka sita. Sasa nataka kuona kitu moja yangu. Twende wote."

Nilifunga duka kwa mara ya kwanza tangu nilifungue.

Mambo ya visa nayaruka, yangejaza uzi mzima. Mpango ulikuwa kuanzia mji wa Puno, kwenda visiwa vya matete vinavyoelea majini, kulala Amantaní kwa kina Wilber, kwenda Taquile ambako wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu, halafu kuzunguka ziwa kwa miguu na mabasi mpaka upande wa Bolivia. Wiki tatu. Ojara alikuwa ameichora safari yote kwenye daftari la shule.

Tukatua Lima, ambako ni usawa wa bahari. Kesho yake tukapanda ndege nyingine, na baada ya muda usiotosha hata usingizi, tulikuwa tumesimama mita elfu tatu na mia nane juu.

Wakuu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Macho yetu hayakuona mlima. Yaliona ziwa. Maji ya bluu mpaka mwisho wa macho, ndege wa majini, boti, wanawake wanauza samaki.

Sasa mtu wa Kampala, ziwa kwake ndiyo mwisho wa kushuka. Vilima vyote vinateremka kwenda ziwani. Toka hapa Kisugu, fuata maji ya mtaro tu, yatakufikisha Nalubaale, hilo mnaloliita Victoria. Hakuna mahali pa chini zaidi. Kwa hiyo tulifika, tukaona maji, na akili zikatulia kwamba tupo chini.

Siku hiyohiyo kichwa kikaanza kumuuma Ojara. Mimi pia kiliniuma kidogo, nikanywa panadol, kikapoa.

Siku ya pili tukapanda boti ya Wilber. Kwenye visiwa vya matete Ojara alishuka akarukaruka kama mtoto, kisiwa kikawa kinabonyea chini yake, Wilber akacheka mpaka akakaa. Hiyo ndiyo picha ya mwisho niliyonayo akiruka.

Baada ya hapo alitapika njia nzima.

Tulipofika Amantaní, mama yake Wilber alitupokea na chai ya majani wanayoyaita muña, yananukia kama nanaa. Mama mfupi, sketi pana, mashavu yamechomwa na baridi. Kiingereza hajui, Kihispania kidogo, lugha yake ni Kikechua. Alimwangalia Ojara mara moja tu. Akasema maneno machache huku akionyesha kule boti ilikotoka.

Wilber akatutafsiria kwa Kiswahili chake cha getini:

"Mama nasema, Ojara kwenda chini. Leo."

Ojara akaangalia ziwa, lilikuwa pale mlangoni kabisa. Akasema, "Chini wapi tena bwana? Nitaingia kwenye maji?"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Kwa sababu mimi nilishajua anaumwa nini. Kichwa, kutapika, uchovu, mwili una joto kidogo, ametoka Kampala wiki hiyo. Mganda yeyote mwulize, hata aliye usingizini, atakwambia ni malaria. Ametoka nayo nyumbani na baridi imeiamsha. Nilikuwa na dozi kamili ya mseto kwenye begi. Hatusafiri bila dozi. Mama mwenyewe ndiye aliyeipakia.

Nilikuwa na vipimo pia. Viwili, vile vya kutoboa kidole.

Nikampima. Tukakaa kwenye benchi nje, tukasubiri dakika zake. Mstari ulitokea mmoja.

Mnaojua vipimo hivi mnajua mstari mmoja maana yake ni hakuna malaria.

Ojara akauliza, "Imesema nini?"

Nikasema, "Baridi imeharibu kipimo."

Wakuu, sijawahi kumsimulia mtu yeyote sentensi hiyo. Ninyi ndio wa kwanza.

Cha pili sikukitumia. Dukani kwangu huwa nafanya hivyo hivyo. Mteja akija na homa na kipimo kikakataa, ananiangalia kama nimemtukana, basi nampa tu. Kwetu kipimo kikikataa, kipimo ndicho kinachoumwa.

Nikampa vidonge vinne jioni ile. Vinne asubuhi, vinne jioni, mpaka mara sita ziishe.

Kesho yake aliamka nafuu. Sasa najua ilikuwa chai na panadol. Nikatembea kijijini kifua mbele, daktari kutoka Uganda. Wilber alikuwa ananiita *doctor* kabisa, kwa heshima. Miaka sita kwenye lile geti Ojara alimwambia kwamba kaka yake ni daktari. Hakuwa anadanganya. Kwetu ndivyo ninavyoitwa.

Na Wilber angefanyaje? Mama yake anasema moja, daktari anasema lingine.

Siku hiyo mama yake alikuwa anavuna viazi shamba la chini. Ojara akasema, "Musawo, mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Hawa wanaona aibu kutupa, acha nijipe mwenyewe." Akabeba gunia la viazi kutoka shambani mpaka nyumbani, ngazi za mawe, kupanda tu. Yule mama alimfuata nyuma akipiga kelele na kumvuta shati. Sikuelewa neno hata moja, nikadhani ni zile shukrani za kinamama.

Nilipiga picha.

Jioni kikohozi kikaanza. Kikavu.

Siku ya nne alikuwa hawezi kufika chooni bila kusimama mara mbili kuvuta pumzi. Yule mama akaja mlangoni, safari hii hakuongea. Alishika mkono wangu, akanisukuma kidogo kuelekea boti, halafu akafumba macho akaonyesha kulala. Aliniambia kila kitu kwa mikono, wakuu. Kila kitu.

Wilber akasema, "Boti tayari. Doctor, twende?"

Ojara alikuwa amekaa kitandani. Hakuwa mtu wa kuomba. Lakini aliniangalia akasema polepole:

"Musawo, mimi nipande boti?"

Nikamwambia, "Maliza dozi kwanza. Zimebaki mbili tu. Ukitapikia kwenye boti dawa yote inapotea."

Akalala upande, akatii. Mtu aliyekaa miaka sita kwenye geti la vita, alinitii kwa sababu mimi ni mkubwa na mimi ndiye musawo.

Asubuhi ya siku ya tano midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alipovuta pumzi, kifua kilitoa sauti kama mtu anayenyonya soda iliyoisha kwa mrija. Hapo hata mimi nilijua. Nilipiga kelele Wilber alete boti.

Na bado, wakuu, kabla hatujamnyanyua, nilimpa vile vinne vya mwisho.

Alimeza kimoja kimoja, kila kimoja kikamchukua muda. Halafu akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, ili nione kwamba hakuficha. Alikuwa ananitania. Alitaka nicheke.

Mpaka Puno ni mwendo wa kama saa tatu. Wilber aliendesha huku analia, injini haikuwa na haraka yake. Mama yake alikaa nyuma ya Ojara, amemkalisha, amemfunga na mablanketi yake yote, anamwimbia kitu kwa lugha yao. Mimi nilishika miguu. Jua lilikuwa zuri sana siku hiyo, milima ya theluji upande wa Bolivia inaonekana yote, ile safari ya kwenye daftari imejipanga mbele yetu.

Matete ya Puno yalipoanza kuonekana, mama yake Wilber akaacha kuimba.

Daktari wa kule, daktari wa kweli, alinieleza kwa upole. Mapafu yalijaa maji kwa sababu ya mwinuko wa mahali. Hutokea. Dawa yake kubwa ni kumshusha mtu mapema, kwenda kwenye miji ya chini, mbali na ziwa. Akaniuliza, hakuna aliyewaambia mshuke?

Nikasema hakuna.

Nilimkana yule mama pale pale. Alikuwa kwenye benchi ukumbini, bado ameshika blanketi.

Tulimzika Ojara kaskazini, nyumbani kwa baba. Watu walinipa pole nyingi. Walisema bahati alikuwa na kaka yake, tena anayejua dawa. Kila aliyesema hivyo nilitamani ardhi ipasuke. Wilber bado ananitumia salamu. Mama yake anauliza kama nakula. Sijui niwajibu nini, kwa hiyo sijibu.

Somo mnalisubiri, najua. Sina kubwa. Mwenyeji wako akikwambia shuka, shuka, hata kama unaona maji mlangoni. Ukipanda juu ghafla, pumzika siku kadhaa kabla ya kutembea. Kipimo kikisema hapana, kisikilize. Na wewe unayeitwa musawo, mwalimu, injinia, jina ambalo mtaa umekupa tu, ujue siku moja mtu anayekupenda ataliamini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mwenyeji ndiye aliyetaka kutuponya, tukamcheka.

Baada ya maziko Mama alikuja kukaa kwangu Kisugu. Hakuniuliza lolote kwa wiki mbili. Halafu jioni moja anachambua mchele, hakunyanyua uso, akasema:

"Ile dawa niliweka kwa begi. Ojara alimaliza yote?"

Nikasema, "Alimaliza, Mama."

"Hakuficha?"

"Hakuficha. Alinionyesha mdomo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mchele wake. Akasema, "Basi mwanangu, wewe ulifanya kazi yako."

Nimeandika uzi huu ili mmoja wenu aniambie la kumwambia Mama, au kama nimwache hivyo hivyo. Mnaotaka kunitukana mtukane pia, nitasoma yote, nastahili. Nikichelewa kujibu mnivumilie. Nipo dukani, na kuna dada amesimama kwenye nondo muda mrefu sasa na kitoto mgongoni. Anasema, "Musawo, mtoto kichwa inamuuma na anatapika. Kupima ni ya nini? Mupe tu dawa ya malaria."