Mvua Iliyovuja kwa Mama

Kulikuwa na watu wa mbali, nisiowajua hata sura, waliokuwa wakipatia usingizi wao nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Likombe, Mtwara. Bati la nyumba lilikuwa limeoza, na mvua ikinyesha mama alizunguka na vyombo: sufuria katikati ya chumba, bakuli karibu na mlango, ndoo miguuni pa kitanda. Kila chombo kilidondokewa kwa sauti yake. Nilizirekodi sauti hizo kwa simu, nikaziweka mtandaoni kwa wanaotafuta usingizi, nao wakazinunua kweli.

"Huko kwao hakunyeshi?" mama aliuliza.

"Kunanyesha, mama. Ila hakuvuji."

Alicheka mpaka akajishika kiuno.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mama apate bati jipya kabla mvua hazijarudi. Korosho zilikuwa zimeshaanza kuanguka, muda unakwisha. Lakini kwenye mtandao wa malipo waliotumia wanunuzi wangu, mtu wa Tanzania aliruhusiwa kulipa, kupokea hapana. Nilikasirika. Yaani tukitoa sisi ni watu, tukipewa hatujulikani!

Basi nikafanya ujanja wa kwetu. Nusu ya ukoo wetu iko ng'ambo ya mto Ruvuma, na hapa hakuna anayesema kule ni ugenini. Nikajaza kwamba naishi Msumbiji, wanakoruhusiwa kupokea, kwa shangazi. Kwetu huo si uongo, kwa shangazi ni kwako. Mashine ikaona simu iko Mtwara, ikafunga akaunti. Malipo yakabaki humo humo, nami nikashinda kibarazani nikiyatazama kwenye kioo kama samaki walio chini ya maji.

Aliyetukwamua ni mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikindani. Nilikuwa nimekwenda kuulizia bei ya bati, kujiumiza roho tu. Nikajikuta namsimulia yote.

"Wateja wako wako nchi gani?" aliuliza.

Nikamtajia.

"Ah, binti yangu kaolewa huko huko. Mteja mkubwa unaye?"

Nilikuwa naye, mwanamke mwenye nyumba ya wageni, aliyetaka mvua zangu zote.

"Basi amlipe binti yangu. Wewe beba bati hapa."

Ikawa hivyo. Hakuandika popote, alimpigia binti yake, wakaongea kidogo, kisha akaniita nikapakie.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, baada ya adhuhuri, bati jipya likiwa limeshapigwa. Mama aliinuka kwa mazoea, akachukua sufuria, akasimama katikati ya chumba akitazama juu. Hakikudondoka kitu. Akaiweka sufuria pembeni, akajilaza mkekani.

Yule mwanamke wa nyumba ya wageni alikuwa ameomba mvua nyingine, kwa hiyo niliwasha simu. Bati lilivuma juu yetu, na chini yake mama akaanza kukoroma taratibu. Tangu utoto wangu sikuwahi kumwona amelala mvua ikinyesha. Nilirekodi mpaka ikakatika.

Ile sikuiuza.