Mashine Aliyoichagua Tata

Dawa yangu ya sukari ilikuwa inaibiwa nyumbani kwetu, na mwizi nikaitwa mimi.

Ngojeni nianze vizuri, maana nikiandika na hasira nitaruka mambo.

Naitwa Mokeira. Kwetu ni Nyansiongo. Nina ugonjwa wa sukari ule unaoshika watoto, ule ambao bila insulini huoni mwezi ukiisha. Na mimi ni kipa. Si kipa wa kubahatisha, namba moja wa timu ya wasichana shuleni.

Hatuna friji. Chupa ya insulini hukaa ndani ya chungu chenye mchanga na maji, kona ya jikoni. Mwaka jana chupa ya wiki tatu ikaanza kuisha kwa wiki mbili.

"Unaimwaga wapi?" Tata akaniuliza. Tata ni baba yangu, mzee Nyamweya, mzee wa kanisa, mtu wa ng'ombe wa maziwa na maneno machache.

"Siimwagi, Tata."

"Basi unamuuzia nani?"

Aki niliumia. Nani huuza uhai wake?

Jioni hiyo hiyo nilimkuta Tata zizini anatetemeka, jasho linamtiririka. Akanituma chai, sukari vijiko vitano. Nikadhani ni njaa.

Kliniki moja ya sukari kule Kisii ikapata pampu chache za vijana. Pampu ni mashine ndogo unayoijaza kutoka kwenye chupa, nayo inakuingizia insulini polepole mchana na usiku, unaachana na kujidunga kila saa. Sista Orpah, nesi wetu, akaweka mbili mezani.

"Hii inakaa kiunoni, ina mrija unaoingia tumboni. Hii nyingine haina mrija, unaibandika mkononi. Mokeira, wewe siku yako inaendaje?"

Nikafungua mdomo. Tata akajibu.

"Ya kiunoni. Itafichika chini ya sweta."

"Mzee, huyu ni kipa. Anajirusha chini kila siku."

"Ya mkononi itaonekana na watu wote. Nani atakuja kumposa akiona hicho kitu?"

Posa! Mimi nawaza penalti, yeye anawaza posa.

Nilitaka kumwambia kwamba mpira nikiudaka naukumbatia tumboni, pale pale mrija unapoingia. Lakini kwetu Wakisii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Baba na binti hawazungumzii mwili. Mama, tuliyekuja naye, alishaona nimevimba kwa hasira, akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kwa hivyo sahihi ilikuwa ya Tata. Akaiweka.

Tulipotoka nje akaongeza, "Na mtu asijue."

Sista alikuwa amesema naweza kuivua kwa muda mfupi nikicheza. Sasa nitaivua vipi, na timu nzima iko hapo inavaa jezi, halafu mtu asijue? Nikawa nadaka nayo kiunoni, nimeifunga kwa leso.

Siku ya mechi yetu Keumbu tulicheza asubuhi. Kipindi cha kwanza hakijaisha, nikajirusha kushoto. Mpira nikaupata. Mrija ukang'oka na wala sikusikia, damu ilikuwa moto.

Tulishinda. Kufika jioni, bila insulini, nilikuwa natapika, kinywa kimekauka, napumua kama mtu aliyepanda mlima. Mwalimu akanikimbiza hospitali.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa na dripu. Jezi bado iko mwilini. Tata amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mama alikuwa amekuja na chupa yangu ya insulini, na Sista Orpah, aliyekuwa amepigiwa simu, alikuwa ameinua ile chupa kwenye mwanga.

"Hii mlipewa lini?"

"Wiki mbili zilizopita," Mama akasema.

"Mbona ni tupu?"

"Si nimesema!" Tata akadakia. "Huyu mtoto ni mharibifu!"

Hapo nilichemka. Nikashika jezi, nikaipandisha. Tumboni palikuwa pamechanika na kuvimba.

"Tazama, Tata! Hii ndiyo ulinichagulia! Tazama!"

"Mokeira! Chinsoni!" Mama akajifunika uso.

"Chinsoni nusura initie kaburini!"

Sista hakutujali. Alikuwa anabonyeza pampu.

"Hii mashine inahesabu kila tone," akasema taratibu. "Chupa ina uniti elfu moja. Zilizoingia kwa mtoto ni mia sita na kitu. Zilizobaki hazikupita hapa."

Mama akaniangalia. Kisha akamwangalia Tata. Mimi nikakumbuka lile jasho la zizini na vijiko vitano, dalili za mtu aliyezidisha insulini.

Tata akaweka kofia kitandani. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mbele yangu mimi binti yake. Tumbo lake lilikuwa na alama za sindano, tele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

"Miaka miwili sasa nina sukari," akasema. "Nilipimwa mbali, watu wasinijue. Baadaye nikaona unavyojidunga, nikaiga."

"Na ukaniita mwizi?"

Mama alikaa chini sakafuni.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilikosea mlango, kikaja kwangu. Na ile mashine aliyoichagua ili ifiche siri yangu ndiyo iliyotoboa yake.

Msiniulize kama nimemsamehe. Kuna asubuhi naamka nimesamehe, kuna nyingine naona kile chungu na hasira inapanda upya. Lakini sasa ana kadi yake ya kliniki na chupa yake, na tunakaa benchi moja tukisubiri kuitwa.

Sista alihangaika hadi nikakubaliwa kubadilisha pampu. Fomu ikaletwa tena. Tata akashika kalamu, akaiweka chini. Akanigeukia, macho ameyatupa ukutani kwa aibu.

"Mokeira. Mpira ukija, unaudakia wapi?"

"Tumboni, Tata."

"Basi ni ya mkononi."

Akatia sahihi.

Wazazi, ni swali moja tu kwa mtoto mwenyewe. Liulizeni kabla ya kalamu, msingoje dripu.