Mwaka Nilioandika Chini ya Picha

Yule mama hakunisalimia mimi. Alisalimia picha.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa peke yangu ukumbini kama kawaida, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nasubiri watu wasiokuja. Nikasikia mtu anavua viatu mlangoni.

Hakuna anayevua viatu kwetu. Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani la pamba, sakafu imejaa madoa ya oili.

Akaingia peku, beseni tupu la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, leso kiunoni. Akanipita kama sipo. Akaenda moja kwa moja hadi picha ya saba, akashusha beseni.

"Absalom," akasema. "Umekonda."

Nilisimama. Sikujua kama nimkaribishe au nimwache.

Ngoja kwanza niwaambie mimi ni nani. Naitwa Naswa. Kwetu ni Webuye. Nilisomea sanaa chuoni, nikahitimu miaka miwili iliyopita, nikapanga chumba Nyalenda. Kila Ijumaa nilikuwa naandika mtandaoni orodha ya maonyesho ya sanaa ya kutembelea hapa Kisumu.

Wiki hiyo yalikuwa matatu. Picha za ndege kwenye hoteli moja huko Milimani, ambako askari wa getini anakuuliza unaenda kumwona nani. Vyungu vya kina mama kwenye chumba kimoja cha maktaba, ambacho hufungwa saa za chakula na hufunguliwa mwenye ufunguo akikumbuka. Na sisi: picha kumi na mbili za Ochieng, mchoraji wa mabango ya maduka kule Kondele. Watu wa ufuoni wakifanya kazi zao.

Orodha yangu ilikuwa na wasomaji kumi na mmoja. Wanne ni binamu zangu.

Kitabu cha wageni kilikuwa na majina tisa kwa wiki mbili. Mmoja aliingia kuchaji simu. Mwingine aliuliza kama tunauza milango.

Lakini niliamini. Niliamini kabisa kwamba siku moja mtu ataingia, picha imguse, na hiyo itatosha.

Basi mtu alikuwa ameingia.

"Mama, unamjua huyu?"

"Ni mtoto yangu." Hakugeuka. "Jirani ameniambia jana, Mama Absalom, kijana yako iko kwa ukuta huko mjini. Nikasema wacha nione. Angalia masikio. Hayo ni ya baba yake."

Kwenye picha kijana ameinama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaziba nyufa. Masikio yake kweli yalikuwa makubwa.

"Na yuko wapi sasa?"

"Ziwani." Alisema kama mtu anayetaja mtaa. "Walienda wanne, mwezi wa nne, elfu mbili ishirini na mbili. Watatu walipatikana. Yeye hapana. Jumamosi hii saa sita mchana tunazika yago."

Mimi ni Mbukusu, sikuelewa. Akanieleza polepole. Kwa Wajaluo mtu akipotea majini na mwili usionekane, huchumwa tunda la mti wa yago, refu na zito kama mtoto mchanga. Linavikwa shuka, linaliliwa, linazikwa badala yake. Kabla ya hapo mtu hajafa na hayuko hai. Likishachumwa, basi, amekufa.

"Miaka mitatu baba yake amekataa," akasema. "Juzi ndiyo amekubali."

Kisha akainama kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya picha. Vikaratasi hivyo nilikuwa nimevichapisha mwenyewe, kumi na viwili, nikavikata kwa wembe.

"Nisomee, nyara."

Nyara maana yake binti yangu. Nikamsomea. "Fundi wa Mitumbwi. Ochieng. 2025."

"Hiyo ya mwisho ni nini?"

"Mwaka aliochora picha."

Kisha akakaa chini, pale pale kwenye madoa ya oili, mkono mmoja ndani ya beseni kama anayetafuta kitu.

"Huu mwaka?"

"Eeh, mama."

"Huyu mchoraji amemwona mtoto yangu huu mwaka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikufikiri. Naapa sikufikiri hata kidogo, nilifurahi tu.

Akampigia mume wake. Alisema Kijaluo kwa haraka, nikashika neno moja, yago, na jinsi alivyolikata kwa sauti. Nikaelewa: lisichumwe. Akaniomba nipige picha, niitume kwenye simu ya mzee, na kile kikaratasi kionekane vizuri.

Nikaituma. Mimi mwenyewe.

Alipokuwa anavaa viatu akanishika mkono. "Huyo mchoraji, utamwuliza alimwona wapi?"

"Nitamwuliza leo."

"Chochote atasema, uje uniambie wewe mwenyewe. Kwa mdomo. Si simu. Absalom kupotea niliambiwa kwa simu."

"Nitakuja, mama. Nakuahidi. Kabla ya Jumamosi saa sita."

Nilimpigia Ochieng, hakushika. Yeye hashiki simu akiwa juu ya ngazi. Basi nikafanya kile ninachokijua. Nikaandika mtandaoni: mama aliyempata mtoto wake ukutani. Nikaweka picha, nikaweka mwaka.

Kufikia jioni habari hiyo ilikuwa imesomwa na watu elfu arobaini.

Ijumaa asubuhi nilikuta foleni mlangoni. Foleni, kwetu. Watu wametoka soko la Kibuye wakaacha vibanda, wengine Kondele, wanafunzi wamevaa sare. Walikuwa wanapiga picha na Absalom. Mchungaji mmoja akaomba kwa sauti kubwa. Dada mmoja alikuja na kitambulisho cha kaka yake aliyepotea, akaniuliza kama mchoraji anaweza kumwona na huyo pia.

Bwana Walubengo, aliyekodi lile ghala na kuandaa maonyesho, alikuwa anazunguka kama bwana harusi.

"Naswa, maze, umetuokoa," akasema. "Kesho watu wa gazeti wanakuja saa tatu. Kuanzia mwezi ujao wewe si wa kujitolea tena. Nakuajiri."

Miaka miwili nilikuwa nasubiri hilo neno. Nilienda nyuma ya ghala nikalia kidogo kwa furaha.

Saa kumi Ochieng akaingia. Alikuwa hajawahi kufika kwenye maonyesho yake mwenyewe, alikuwa anamaliza bango la bucha. Rangi nyekundu imejaa kwenye kucha. Akatazama umati, akatazama kikaratasi, akanivuta kando.

"Nani amesema nilimchora huyu mwaka huu?"

"Si ndivyo?"

"Wewe, huyo nilimchora elfu mbili ishirini na moja. Ufuoni Ogal. Alikuwa anaziba mtumbwi na pamba. Aliniomba nipunguze masikio, nikakataa. Nilisikia alikufa maji mwaka uliofuata. Nani aliandika hii kitu?"

Mimi.

Nataka mwelewe ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Ochieng alileta picha kumi na mbili bila mwaka hata mmoja. Nilimpigia mara tatu siku hiyo, yuko juu ya ngazi. Duka la kuchapisha lilikuwa linafungwa. Nafasi ya mwaka ilikuwa wazi kwenye karatasi zote na ile nafasi ilinitia aibu. Chuoni tuliambiwa picha isiyo na mwaka ni kazi ya mzembe. Nikajaza 2025, zote kumi na mbili. Nikajiambia, kwani maonyesho si ya mwaka huu?

Ilichukua dakika moja.

Nikamwendea Walubengo. Akanisikiliza hadi mwisho, akatazama foleni.

"Ochieng ameambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi tulia. Jumapili tunafunga. Jumatatu unaenda kumwambia huyo mama, polepole, umekaa naye vizuri. Siku mbili zitamwua?"

"Nilimwahidi kabla ya Jumamosi saa sita."

"Nyinyi watoto wa chuo." Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kesho saa tatu uwe hapa. Usipokuwa hapa, usije tena."

Jioni nilibandua vikaratasi vyote kumi na viwili. Nilifuta ile habari mtandaoni, nikaandika kwamba nilikosea. Waliokuwa wananiita malaika wakaniita mwongo anayetafuta umaarufu kwa maiti.

Jumamosi saa tatu, wakati watu wa gazeti wanafika ghalani, mimi nilikuwa nashuka bodaboda Ogal, ufuoni kwa kina Absalom.

Mama Absalom alikuwa anaanika omena kwenye nyavu. Aliponiona akafuta mikono, akaniletea kigoda. Alikuwa amesuka nywele. Sijui kwa nini hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema mwaka ule niliubuni mimi, picha ni ya zamani, Ochieng hakumwona tena Absalom tangu siku ya mtumbwi ule.

Akaendelea kutandaza omena. Akamaliza wavu mzima.

"Baba yake ameondoka Alhamisi jioni," akasema. "Ameenda visiwa vya Uganda. Amebeba ile picha kwa simu. Huko mtandao hakuna."

"Mama, nisamehe."

"Nimekuwa na mtoto siku mbili," akasema. "Nilikuwa nimeanza kupanga atalala wapi."

Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Baba yake akirudi, utamwambia wewe. Mimi nimeshamwambia mara moja huyo mzee kwamba mtoto amekufa. Sirudii."

Nikaahidi. Nilijua sasa ahadi ina uzito gani, na nikaahidi.

Nilienda kila Jumamosi. Jumamosi ya pili nilikaa hadi jioni, mzee hakuja. Ya tatu vilevile. Walubengo alikuwa ameshampa msichana mwingine kiti changu. Watu wa Ogal walinijua sasa. Mmoja aliita, "Dada wa kalenda, leo ni mwaka gani?" na wenzake wakacheka. Nikacheka pia. Ningefanya nini?

Jumamosi ya nne mtumbwi ulifika.

Mzee Oluoch, baba yake Absalom, alishuka na buti za mpira, amekonda, simu imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Masikio yale yale. Hakunijua. Alifikiri mimi ni mgeni tu, akaifungua simu na kunionyesha kama alivyoonyesha dunia nzima.

"Binti, umewahi kuona huyu?"

Nikaipokea simu.

"Kuna kisiwa wanamjua," akasema, na uso ukang'aa. "Alipita hapo mwaka jana. Alikuwa anaenda upande wa Tanzania. Nimerudi kuchukua nguo tu."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Angeweza kunisaidia na hakunisaidia, na ilikuwa haki yake.

Ningeweza kunyamaza. Mzee angechukua nguo, angeenda Tanzania, angekuwa na mtoto aliye hai hadi siku atakayochoka. Nililifikiria jambo hilo, pale pale, buti zake zikichuruzika maji.

"Mzee," nikasema, "huo mwaka chini ya picha niliuandika mimi. Sikumwuliza mtu. Absalom alichorwa mwaka mmoja kabla ya kupotea."

"Lakini wamemwona."

"Mzee, mimi ndiye niliyekosea."

"Wamemwona," akasema tena, sasa kwa mkewe.

"Baba Absalom," mama akasema, "kila kisiwa kuna kijana wa masikio makubwa."

Mzee aliketi juu ya ukingo wa mtumbwi. Alikaa muda mrefu sana. Hakuna aliyemgusa. Kisha akaifunga simu vizuri na ile nailoni, kona kwa kona, akampa mke wake. Akamwita mdogo wake aje na panga.

Walilichuma yago mchana huo. Walilivika shati la Absalom, kisha shuka. Nilikuwa nimesoma mambo mengi kuhusu sanaa, na sijawahi kuona watu wakitazama kitu chochote kama walivyolitazama tunda lile.

Jioni kabla ya jua kuzama walisimamisha msalaba wa mbao juu ya kaburi. Nilikuwa nimesimama mbali, karibu na njia, tayari kuondoka. Mzee akanijia na brashi na kopo la rangi nyeusi.

"Wewe ndiye unajua kuandika miaka," akasema. "Andika."

Sikusikia kejeli. Nilitafuta nikaikosa.

Nikapiga magoti. Jina nililijua. Nikaliandika. Nilipofika chini nikasimamisha brashi.

"Mwaka gani, Mzee?"

Alijua kwamba ninaujua. Akanijibu hata hivyo. "Elfu mbili ishirini na mbili."

Nikamwuliza mama. Akasema vilevile.

"Mwezi?"

"Wa nne."

"Tarehe?"

Wakatazamana. Mtumbwi uliondoka tarehe tisa. Nyavu zilionekana tarehe kumi na mbili. Katikati ya hapo hakuna ajuaye.

Ndugu unayesoma hapa, sina hekima kubwa ya kukuachia. Sikupata kazi. Mtoto hakurudi. Kile nilichoamini kwamba picha moja inaweza kumfanyia mtu, niliona ikimfanyia, na sitaki kukiona tena. Kila Ijumaa bado naandika orodha ya maonyesho, na wasomaji wamebaki sita. Ila siku hizi nikikuta nafasi wazi, nauliza. Nikikosa wa kunijibu, naiacha.

"Acha wazi," Mzee Oluoch akasema.

Nikaiacha wazi. Nikaandika mwezi na mwaka; nilipofika kwenye ile mbili ya mwisho, Mzee akachuchumaa, akanishikia kopo la rangi hadi nikamaliza.