Nduta, fundi aliyeirudishia uhai saa ya babu yake

Saa tatu asubuhi, soko la Kitengela limeshachangamka, lakini Nduta Mburu ni kama hasikii kelele. Ameinamia meza, lenzi imebanwa jichoni, brashi inapangusa vumbi kwenye saa isiyo na sanduku. Magurudumu yake ya shaba yote yako wazi, moja likilisukuma jingine, na wapita njia husimama kutazama.

Wateja huiita saa ya mifupa. Babu yake, Njogu, alipewa mwaka wa 1958 na fundi wa Nairobi aliyemfunza kazi. Njogu akamwachia mwanawe Mburu, naye Mburu akamwachia Nduta, ingawa ukoo ulitarajia imwendee kaka yake.

"Baba alisema saa si shamba," anakumbuka Nduta, mwenye umri wa miaka 47. "Inaenda kwa mwenye mikono."

Mikono hiyo ilijaribiwa mwaka juzi. Vibanda vya kando ya barabara vilibomolewa, na katika pilkapilka za kuhama, rafu ikaanguka. Gurudumu moja likavunjika meno matatu. Saa ikanyamaza.

Mnunuzi wa vitu vya kale alitaka kuichukua vivyo hivyo kwa shilingi elfu themanini. Kwa Nduta, ambaye siku njema humpa elfu moja na mia mbili, nyingi zikitokana na kubadilisha betri, hilo halikuwa jambo la mzaha. Alimwambia arudi baada ya wiki. Aliporudi, alikuta saa imefunguliwa yote na fundi hainui kichwa.

Nduta alikuwa amepata bamba la shaba kwa muuza vyuma chakavu, akaanza kuchonga gurudumu jipya kwa tupa. La kwanza liliharibika. La pili pia. La tano ndilo lililokubali, baada ya miezi minne.

Akaipakata saa hadi mjini Kajiado, kwa Mzee Mburu, ambaye sasa ana miaka 84 na macho yamemwacha. Akaiweka mezani. Mzee akatega sikio.

"Inachechemea," akasema.

Nduta akaona haya. Kisha akakunja karatasi, akaitia chini ya mguu mmoja wa saa. Mlio ukalingana. Mzee akauliza amechonga meno mangapi, naye akajibu yote, sitini na manne. Mzee akaomba mkono wa bintiye, akapapasa vidole vilivyoota sugu.

"Mimi nilijua kusafisha na kufunga tu," akasema. "Gurudumu sikuwahi kutengeneza. Sasa fundi ni wewe."

Habari zilisambaa. Kanisa moja nje ya mji limemwomba atazame saa ya mnara wake, iliyosimama tangu Nduta akiwa darasa la pili. Mafundi wawili walishaikatia tamaa. Yeye amepanda ngazi mara moja, akapima kila gurudumu, na mwezi wa nane anapanga kupanda tena na vifaa vyake.

"Shaba niko nayo ya kutosha," anasema. "Siku itakapolia, watu wa hapa watakosa kisingizio cha kuchelewa ibada."